Uwanjani na Mezani: Sikukuu na Minara ya Kumbukumbu ya Urusi

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wazazi mliokuja na watoto wenu, nanyi vijana ambao muda si mrefu mtapanda ndege kwenda masomoni, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa niwaeleze sikukuu na minara ya kumbukumbu ya Urusi kama ambavyo Mrusi angemweleza rafiki yake mgeni. Mimi si Mrusi. Nilisoma kule, nikala kwenye meza za watu, nikasimama kwenye viwanja vyao huku kofia imenifunika hadi nyusi, na ninachoweza kuwapa ni maelezo ya mgeni aliyekaa vya kutosha hata akaanza kuuliza maswali. Habari za baridi sitazigusa, maana hizo mtaambiwa na kila mtu, hata asiyewahi kuvuka Kibaha.

Nina jambo moja kubwa la kusema. Kila sikukuu ya Urusi huadhimishwa mahali pawili. Kwanza ni uwanjani, ambako mwenye shughuli ni serikali, penye gwaride, hotuba na mashada ya maua. Pili ni mezani, nyumbani kwa watu, ambako mwenye shughuli ni mama au bibi, na kila familia ina wafu wake wa kuwataja na vyakula vyake visivyokosekana. Mgeni huuona uwanja kwanza, kwa kuwa ndio unaoonyeshwa kwenye televisheni, akadhani ameshaiona sikukuu. Mara nyingine pande hizi mbili husema neno moja, mara nyingine hupishana kabisa, na mwenye kutaka kuwaelewa Warusi atazame pale zinapokutana na pale zinapoachana.

Lipo kwanza suala la kalenda, na asiyelielewa atachanganyikiwa mwaka mzima. Hadi mwaka 1699 Warusi walihesabu miaka tangu kuumbwa kwa dunia, na mwaka wao ulianza tarehe 1 Septemba. Desemba ya mwaka huo Tsar, yaani mfalme, Petro Mkuu alitoa amri kwamba mwaka uanze 1 Januari kama kwingineko Ulaya, na nyumba zipambwe kwa matawi ya misonobari. Hata hivyo, kalenda yenyewe ilibaki ile ya kale ya Julius, mpaka Wabolsheviki, yaani wakomunisti walioshika nchi mwaka 1917, walipoiondoa: mwaka 1918, siku iliyofuata 31 Januari ilikuwa 14 Februari. Serikali ilihama, lakini Kanisa la Orthodoksi la Urusi halikuhama, na mpaka leo kalenda yake iko nyuma kwa siku 13. Ndiyo maana Krismasi yao huangukia 7 Januari, na ndiyo maana usiku wa 13 kuamkia 14 Januari watu hukaa tena mezani kuukaribisha Mwaka Mpya wa Zamani, ambao hauna mapumziko wala gwaride, lakini haufi. Mtu wa Makunduchi hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa anaujua mwaka unaokogwa mwezi Julai huku kalenda ya ukutani ikisema mengine.

Wengi wenu mtafika mwezi wa Septemba, kwa hiyo nitaufuata mwaka wa masomo. Siku ya kwanza ya kitaifa mtakayopewa mapumziko ni tarehe 4 Novemba, Siku ya Umoja wa Taifa. Ukisimama Uwanja Mwekundu jijini Moscow, mbele ya lile kanisa lenye kuba za rangi, utaona sanamu ya wanaume wawili, mmoja amesimama akinyoosha mkono na mwingine ameketi. Aliyesimama ni Kuzma Minin, mfanyabiashara wa nyama wa mji wa Nizhny Novgorod, na aliyeketi ni Mwanamfalme Dmitry Pozharsky. Mwaka 1612, nchi ikiwa haina tsar na jeshi la Wapolandi na Walithuania likiwa limeishika Moscow, Minin alichangisha fedha, Pozharsky akaliongoza jeshi la kujitolea, na mji ukakombolewa. Sanamu hiyo, kazi ya Ivan Martos, ilizinduliwa mwaka 1818 katikati ya uwanja, na mwaka 1931 ikasogezwa kando kwa kuwa ilizuia magwaride. Sikukuu yenyewe ni changa. Ilianza mwaka 2005, ikichukua nafasi ya 7 Novemba, iliyokuwa siku ya Mapinduzi ya Oktoba (Oktoba kwa kalenda ya zamani) kwa miongo mingi. Mezani haijaingia. Waulize Warusi kumi wanachokula siku hiyo, na wengi watakuambia kwamba wanalala.

Siku chache kabla ya hapo, tarehe 30 Oktoba, hupita siku nyingine ambayo si ya mapumziko, na mgeni anaweza asiione kabisa. Ni siku ya kuwakumbuka wahanga wa ukandamizaji wa kisiasa. Katika uwanja wa Lubyanka, mbele ya jengo lililokuwa makao makuu ya KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti, lipo jiwe kubwa lisilochongwa, lililoletwa kutoka visiwa vya Solovki katika Bahari Nyeupe, ambako katika miaka ya 1920 palikuwa na kambi ya wafungwa. Liliwekwa hapo tarehe 30 Oktoba 1990. Kuanzia mwaka 2007 watu walikuwa wakipanga foleni mbele yake kutwa nzima, kila mmoja akipewa karatasi yenye majina ya waliouawa, umri wao, kazi zao na tarehe ya kupigwa risasi, naye akiyasoma kwa sauti na mara nyingi akiongeza la babu au bibi yake mwenyewe. Mwaka 2017 serikali nayo ilijenga mnara wake jijini Moscow, Ukuta wa Huzuni, kazi ya mchongaji Georgy Frangulyan, na rais mwenyewe akauzindua. Miaka minne baadaye, Desemba 2021, Mahakama Kuu iliamuru kuvunjwa kwa Memorial, jumuiya iliyokuwa ikisimamia usomaji huo wa majina. Sitatoa hukumu ndefu hapa. Nasema tu kwamba mkiona mtu anaweka ua moja kwenye jiwe lile na kuondoka bila kusema neno, msimpige picha.

Sasa tuje kwenye sikukuu iliyo kubwa kuliko zote nyumbani, nayo ni Mwaka Mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mti wa Krismasi ulipigwa vita kama masalia ya dini. Desemba 1935 kiongozi mmoja wa chama, Pavel Postyshev, aliandika barua katika gazeti la Pravda akitaka watoto warudishiwe mti wao, na ndani ya siku chache mti ukarudi, safari hii kwa jina la Mwaka Mpya, ukiwa na nyota nyekundu kileleni. Yule mzee mwenye joho na ndevu ndefu, Ded Moroz, alirudi pamoja na mjukuu wake Snegurochka, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mji wa Veliky Ustyug umetangazwa kuwa makao yake, hivi kwamba barua za watoto hupelekwa huko. Krismasi yenyewe ilirudi kuwa siku ya mapumziko mwaka 1991 tu, na kwa hiyo vizazi kadhaa vilikulia na mti, zawadi na karamu ambavyo havikuhusiana na kuzaliwa kwa Yesu. Rafiki zenu wengi huko bado wako hivyo: zawadi ni za 31 Desemba, na tarehe 7 Januari ni ya wenye kwenda kanisani.

Meza ya usiku ule mtaizoea upesi. Kutakuwa na saladi ya Olivier: viazi, karoti, mayai, njegere, matango yaliyochachushwa na soseji, vyote vikikatwa vidogo vidogo na kukorogwa na mayonezi, na hukorogwa katika bakuli kubwa kiasi kwamba huliwa siku tatu. Kutakuwa na samaki wa chumvi aliyefunikwa kwa tabaka za viazi na kiazisukari chekundu, na machungwa madogo, yaani chenza, ambayo harufu yake kwa Mrusi ndiyo harufu ya mwaka mpya. Wenzangu Waislamu, ulizeni soseji ni ya nyama gani kabla ya kupakua. Mwenyeji hatakasirika, na mara nyingi atakutengea bakuli lako bila soseji. Dakika chache kabla ya saa sita ya usiku televisheni huwashwa, rais hulihutubia taifa, kisha saa ya mnara wa Spasskaya wa Kremlin, ngome ya serikali jijini Moscow, hupiga mara kumi na mbili. Nchi ina kanda 11 za saa, kwa hiyo hotuba ileile huanza kusikika Kamchatka saa tisa kabla ya Moscow. Huu ndio wakati ambapo uwanja huingia mezani kwa dakika chache, watu wakasikiliza nusu kwa nusu wakiwa wameshika bilauri, halafu ukaondoka.

Mwezi wa Januari una mambo mengine nitakayoyapita haraka. Tarehe 19 ni Ubatizo wa Bwana, na watu hutoboa barafu ya mto au ziwa kwa umbo la msalaba, wakajizamisha mara tatu. Si lazima mjaribu, na asiwepo mtu wa kuwaambia kwamba bila hivyo hamjaishi Urusi. Tarehe 25 ni Siku ya Tatiana, ambayo ni sikukuu ya wanafunzi wote, kwa kuwa katika siku ya mtakatifu huyo, mwaka 1755, Malkia Elizaveta alitia saini amri ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Moscow. Wenzetu wa Afrika wana sababu ya kuifurahia siku hiyo pia katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1960 kwa ajili ya wanafunzi wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, kikalipoteza jina hilo mwaka 1992, na kurudishiwa mwaka 2023.

Siku mbili tu baada ya kelele za wanafunzi huja tarehe 27 Januari, na hapa naomba tutulie kidogo. Mji wa Saint Petersburg, ambao wakati huo uliitwa Leningrad, ulizingirwa na jeshi la Ujerumani kuanzia 8 Septemba 1941 hadi 27 Januari 1944, siku 872. Katika majira ya baridi ya kwanza, kati ya 20 Novemba na 25 Desemba 1941, mgao wa mkate kwa watoto, wategemezi na wafanyakazi wa ofisini ulikuwa gramu 125 kwa siku, na sehemu ya unga huo haikuwa unga: ilichanganywa na mashudu na selulosi. Hakukuwa na maji ya bomba wala umeme wa kutosha, na maiti walivutwa barabarani kwa vijigari vya theluji vya watoto.

Makaburi ya Piskaryovskoye yako kaskazini mwa mji huo. Humo wamezikwa watu wapatao 490,000, na walio wengi kati yao walikuwa raia. Ukiingia, unapita pembeni mwa moto usiozimwa, halafu mbele yako unanyooka uwanja mrefu wenye matuta mapana ya majani, safu kwa safu, na mwishoni kabisa sanamu ya shaba ya mwanamke aliyeshika shada. Matuta yale ndiyo makaburi. Hayana majina. Kila tuta lina jiwe moja lililochongwa mwaka tu, 1942, 1942, 1942, na alama: nyota kwa askari, nyundo na mundu kwa raia. Kwenye ukuta nyuma ya sanamu yamechongwa maneno ya mshairi Olga Berggolts, aliyekuwa akisoma redioni muda wote wa mzingiro, kwamba hakuna aliyesahauliwa na hakuna kilichosahauliwa. Asubuhi ya tarehe 27 viongozi huja na mashada yenye utepe, bendi hupiga, askari hupita kwa mwendo wa pole. Wakishaondoka huja watu wa kawaida, na hapo ndipo utaona vitu vilivyowekwa juu ya mawe: kipande cha mkate mweusi, peremende mbili, wakati mwingine mchemraba wa sukari. Mtu hachagui tuta kwa kuwa anajua ndugu yake yuko hapo, anachagua mwaka.

Wiki haijaisha, huja tarehe 2 Februari, siku ambayo mapigano ya Stalingrad yalimalizika mwaka 1943. Mji huo umekuwa na majina matatu: Tsaritsyn hadi 1925, Stalingrad hadi 1961, na Volgograd tangu hapo, ingawa katika siku chache za kumbukumbu jina la Stalingrad hurudishwa katika sherehe rasmi. Juu ya kilima cha Mamayev Kurgan imesimama sanamu ya Mama Nchi Anaita, ambayo wengi wenu mmeiona kwenye picha lakini picha haisemi kitu. Ina urefu wa mita 85 pamoja na upanga, na ilizinduliwa Oktoba 1967. Mchongaji alikuwa Yevgeny Vuchetich, na mhandisi ni Nikolai Nikitin, yuleyule aliyebuni mnara wa televisheni wa Ostankino. Ni ya zege, ina uwazi ndani, na haikufungwa kwenye msingi kwa vyuma: imekaa kwa uzito wake. Upanga wa kwanza ulitikiswa na upepo ukawa unapiga kelele, na mwaka 1972 ukawekwa mwingine.

Kinachonivutia hapo ni jinsi kilima kilivyopangwa ili mtu achoke kabla ya kufika. Kuna ngazi 200, moja kwa kila siku ya mapigano. Unapita ukuta wa magofu uliochongwa askari, spika zikitoa milio ya risasi na sauti za tangazo la redio, na katikati ya njia unaingia katika ukumbi wa mviringo wenye majina ya waliokufa ukutani na mkono mkubwa mweupe ulioshika mwenge unaowaka. Humo muziki hauishi, na muziki wenyewe ni kipande kitulivu cha Robert Schumann, Mjerumani. Waliojenga kumbukumbu ya vita dhidi ya Ujerumani walichagua sauti ya Mjerumani iwaimbie wafu wao. Mimi sijui uamuzi mwingine wa wasanifu wa zama zile uliokuwa na hekima kama huo, na naona uwanja wa leo, wenye vifaru vingi kuliko vinanda, ungeweza kujifunza kutoka kwake. Kwenye kilima hicho wamezikwa makumi ya maelfu ya askari, na pia Marshali Vasily Chuikov, aliyeongoza jeshi la 62 lililoushikilia mji, na aliyezikwa hapo mwaka 1982 pamoja na askari wake badala ya kando ya ukuta wa Kremlin, wanakozikwa wakubwa.

Februari 23 ni Siku ya Mlinzi wa Nchi. Zamani ilikuwa ya Jeshi Jekundu, na sasa imekuwa siku ya wanaume wote, hata ambaye hajawahi kushika bunduki. Mtapewa soksi na mafuta ya kunyolea. Wiki mbili baadaye wanaume hulipa deni. Machi 8 kwa Warusi si siku ya semina. Mwaka 1917 wanawake wafanyakazi wa Petrograd, jina la wakati huo la Saint Petersburg, waliingia mitaani wakidai mkate katika siku hiyo, na ndani ya wiki moja tsar akawa hana kiti. Tangu mwaka 1966 ni siku ya mapumziko, na mabango yamekwisha kuacha nafasi kwa maua. Asubuhi utaona wanaume wa kila umri wakitembea kwa tahadhari kwenye barafu na matawi ya mimosa ya njano. Hapa kuna kanuni ya kushika: maua ya kumpa mtu aliye hai huwa ya idadi witiri, moja, tatu, tano, ya shufwa ni ya kaburini. Mkimpelekea mwalimu wenu maua manne atawashukuru, lakini uso utasema lingine.

Baridi inapoanza kulegea huja Maslenitsa, na kwa ladha yangu hii ndiyo sikukuu nzuri kuliko zote za jadi. Ni wiki nzima kabla ya Kwaresima ya Waorthodoksi, wakati nyama imekwisha kuachwa lakini siagi, maziwa na mayai bado vinaruhusiwa, na kwa hiyo nchi nzima hupika chapati za maji, blini, nyembamba kiasi cha kuonekana kikaangio upande wa pili, zikaliwa na siagi, asali, malai au mayai ya samaki. Mpishi huipaka siagi kila chapati inapotoka kikaangoni na kuilaza juu ya mwenzake, mpaka lundo linafika kimo cha birika. Kila siku ya wiki ina jina na shughuli yake. Jumatano mkwe wa kiume huenda kula blini kwa mama mkwe wake, na Ijumaa yeye humwalika mama mkwe, na mwaliko huo haukuchukuliwa kwa mzaha hata kidogo. Jumamosi ni ya mawifi. Jumapili sanamu ya mwanamke iliyotengenezwa kwa nyasi kavu, ambayo ndiyo majira ya baridi, huchomwa moto hadharani. Asili yake ni ya kabla ya Ukristo, kanisa liliipa nafasi kwenye kalenda, zama za Kisovieti ziliigeuza kuwa tamasha la kuaga baridi, na blini zikaendelea kupikwa chini ya wote hao. Jumapili hiyohiyo ni Jumapili ya Msamaha: watu huombana radhi, ana kwa ana au kwa simu, na anayeombwa hujibu kwamba Mungu atasamehe. Mtapata ujumbe kutoka kwa watu ambao hata hamkumbuki walichowakosea.

Pasaka nayo huja baadaye kuliko ya Wakatoliki na Waprotestanti katika miaka mingi. Mayai hupakwa rangi kwa kuchemshwa na maganda ya vitunguu mpaka yawe mekundu ya udongo, na kuna mkate mtamu mrefu, kulich, unaopelekwa kanisani kubarikiwa. Salamu ni “Kristo amefufuka”, na jibu ni “Hakika amefufuka”. Hata wasioamini hujibu. Jumanne ya wiki ya pili baada ya Pasaka ni Radonitsa, siku ya kuwatembelea marehemu. Familia huenda makaburini na ufagio, rangi ya kupaka uzio, chakula na mayai, na kwenye makaburi mengi kuna meza ndogo na benchi kwa ajili hiyo. Wakati makanisa mengi yalipokuwa yamefungwa, watu walikuwa wakienda siku yenyewe ya Pasaka, na wapo ambao hawajaacha. Hakuna shada la utepe hapo, na hakuna anayehutubia.

Nafikia 9 Mei, Siku ya Ushindi katika Vita Kuu ya Pili. Ujerumani ilitia saini kusalimu amri jijini Berlin usiku wa 8 Mei 1945, wakati Moscow ilikuwa imekwisha kuingia tarehe 9, na hiyo ndiyo sababu ya tofauti ya siku moja na Ulaya Magharibi. Umoja wa Kisovieti ulipoteza watu wapatao milioni 27. Gwaride kubwa lilifanyika 24 Juni mwaka uleule, bendera zilizotekwa zikatupwa chini mbele ya kaburi la Lenin. Lakini Desemba 1947 amri ya serikali iliifanya 9 Mei kuwa siku ya kazi, na 1 Januari ikapewa mapumziko badala yake. Kwa miaka 17 siku hiyo ilikuwa ya meza peke yake: wapiganaji wa zamani walikutana, wakala, wakalia, wakarudi kazini kesho yake. Mapumziko yalirudi mwaka 1965, na baada ya hapo uwanja ukaanza kukua. Desemba 1966 mabaki ya askari mmoja yalihamishwa kutoka kaburi la pamoja kando ya barabara kuu ya Leningrad hadi chini ya ukuta wa Kremlin, na Mei 1967 moto uliochukuliwa Leningrad ukawashwa juu yake. Maandishi ya hapo husema kwamba jina lake halijulikani na ushujaa wake haufi. Mpaka leo maharusi katika miji mingi hupeleka maua kwenye moto wa milele wa mji wao kabla ya kwenda ukumbini, bibi harusi na shela lake lote.

Mwaka 2012, mjini Tomsk, Siberia, waandishi wa habari walianzisha matembezi ambayo kila mtu alibeba picha ya ndugu yake aliyepigana. Waliyaita Kikosi Kisichokufa. Lilikuwa jaribio la kuitoa meza nje, kwa picha za albamu ya nyumbani, na ndani ya miaka michache serikali ililichukua wazo hilo na kulifanya la nchi nzima. Mwaka 2023 matembezi ya mitaani yalifutwa kwa sababu za usalama. Tangu vita vya Ukraine vilipoanza kwa ukubwa wake mwaka 2022, hotuba za uwanjani zimekuwa zikiunganisha vita vile na hivi vya sasa, na Ukraine kwa upande wake, mwaka 2023, ilihamishia kumbukumbu yake 8 Mei na Krismasi yake 25 Desemba. Mtakaa kwenye meza ambazo ndugu wa pande zote mbili wana picha moja ukutani. Mkiulizwa maoni, mnayo haki ya kuwa nayo, lakini siku ile mgeni hufanya vyema akimwuliza mwenyeji yule aliye kwenye picha alikuwa nani, alitoka kijiji gani, na kama alirudi.

Siku ya Urusi, 12 Juni, ni ya tamko la mwaka 1990 la mamlaka ya jamhuri hiyo, na watu wengi huenda kwenye mashamba yao madogo nje ya mji kupalilia viazi.

Mtakaopangiwa Kazan au Ufa msidhani mmekosa kitu. Warusi wa pasipoti si wote Warusi wa kabila, na Watatari na Wabashkiri wana Sabantuy, sikukuu ya kumaliza kupanda, inayofanyika kiangazi kinapoanza. Kuna mbio za farasi, kuna gogo refu la kupanda ili kuchukua zawadi juu yake, na kuna mieleka ambayo kila mmoja humfunga mwenzake taulo kiunoni na kumwinua; mshindi hubeba kondoo dume mabegani akazunguka naye uwanjani. Katika jamhuri zao, Tatarstan na Bashkortostan, Idd zote mbili ni siku za mapumziko, na pia Dagestan, Chechnya na Ingushetia. Moscow si mapumziko, kwa hiyo wanafunzi ombeni ruhusa mapema, kisha nendeni alfajiri sana, kwa kuwa Msikiti Mkuu uliofunguliwa upya mwaka 2015 hujaa, na safu za wanaosali hufika hadi barabara za jirani, ambazo polisi huzifunga kwa saa kadhaa. Mtakutana hapo na Watatari, Wauzbeki, Watajiki, na Waswahili wenzenu, na baada ya sala kuna mtu atakayewaalika kwake kula pilau ya Kiuzbeki, ambayo ina karoti nyingi kuliko yetu na haina pilipili.

Nimemaliza niliyokuwa nayo, ndugu mwenyekiti. Najua maswali mengi yatakuwa ya mabweni na ya kutuma pesa nyumbani, na mengine yatanishinda, lakini tuyasikie.